Nani Ataimba? Kumbukumbu za Ala Pepe Kijijini Raila

Miongoni mwa neema ambazo zama zetu zimewajalia watu wasio na mali, sijui nyingine iliyotenda makuu katika fani ya muziki kuliko ala pepe, yaani ile programu ndogo ambayo vijana wetu huiita plagini, iingiayo ndani ya programu kubwa ya kurekodia na kumpa mtu piano, fidla, tarumbeta na ngoma za mataifa mengi, pasipo yeye kumiliki hata uzi mmoja wala kipande kimoja cha ngozi ya ala hizo. Nimeishi nayo kwa miaka mingi katika chumba cha kupanga kijijini Raila, Kibera, na kwa kuwa imenifunza mambo ambayo sikuyapata kwa mwalimu yeyote, naona ni wajibu wangu kuyaandika, ili anayeifungua leo kwa mara ya kwanza apate kujua kwamba sauti aliyoikuta ndani yake imetoka kwa mtu, na kwamba kazi yake yeye mtunzi ni kuifikisha kwa mtu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mtoto wa Mji wa Kale, na masikio yangu yalilelewa na taarabu za arusi. Nililisikia udi la Zein l'Abdin, nikazisikia nyimbo za Juma Bhalo, na katika kundi la ala zile hapakukosa tashkota, ambayo wazee wetu waliipenda kana kwamba ilichongwa Lamu, ilhali ilibuniwa mjini Nagoya, Japani, mwaka 1912 na bwana aitwaye Goro Morita. Ni ubao wenye nyuzi, na juu ya nyuzi hizo pana vitufe vya mfano wa taipureta. Wanamuziki wa pwani waliipokea, wakaitia umeme ili isikike katikati ya hadhara, kisha wakaitiisha chini ya koo la mwimbaji wa Kiswahili, hata ikawa inavuta, inatetema na kulia pale anapovuta na kulia yeye. Sikumsikia mtu akiikataa kwa sababu ya ugeni wake. Masikio ya watu yaliihukumu kwa namna ilivyomjibu mwimbaji, na hukumu hiyo ndiyo niliyokuja nayo Nairobi, ingawa wakati ule sikuwa na maneno ya kuieleza.

Riziki ilinileta Kibera. Nchi hii ya Wanubi, askari wa zamani waliopewa mahali pa kukaa na serikali ya kikoloni, imekuwa makao ya watu wa kila kabila, na vijiji vyake vimepakana bila mpaka wa kuonekana: Makina, Laini Saba, Lindi, Kisumu Ndogo, Gatwekera, Soweto, na hiki cha Raila, kilichopewa jina la Raila Odinga, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mbunge wa Lang'ata wakati Kibera ilipokuwa ndani ya jimbo hilo. Katikati ya Kibera hupita reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Mara nyingi nimetafakari kwamba mimi nimefika hapa kwa upande mmoja wa reli hiyo, na wengi wa jirani zangu wamefika kwa upande wa pili, na kwamba muziki wa kijiji chetu umetokana na kukutana huko.

Chumba changu kilikuwa cha mabati, nami niliangika mablanketi ukutani ili kuzuia mwangwi. Mali yangu ya kazi ilikuwa kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumiwa na wengine, kipaza sauti kimoja, kibodi ndogo, na programu ya FL Studio, ambayo aghalabu ndiyo wanayoanza nayo maprodyuza wa Nairobi, na ambayo ilizaliwa Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Waliokuja kurekodi walikuwa wanakwaya, vijana wa rapu, na mabinti waliotunga kwa Kidholuo, Kiswahili na Sheng katika ubeti mmoja. Hakuna kati yao ambaye angeweza kukodi wapiga fidla wanne, wala mimi nisingalikuwa na nafasi ya kuwaketisha. Hata hivyo fidla walizipata, na tarumbeta wakazipata, na kinanda kikubwa cha kanisani wakakipata, na nilipoona nyuso zao wanaposikia tungo zao zimevikwa heshima hiyo, nilijua kwamba jambo la insafu limetendeka.

Yafaa nieleze kidogo namna ala hizi zinavyofanya kazi, maana asiyejua utendaji wa chombo chake hutumikishwa nacho. Mwaka 1983 makampuni ya vinanda vya umeme yaliyokuwa yakishindana yaliafikiana juu ya lugha moja, MIDI, ambayo Mmarekani Dave Smith na Mjapani Ikutaro Kakehashi waliisimamia kwa bidii kubwa. Lugha hiyo haichukui sauti. Huchukua amri tu: ni noti ipi iliyobonyezwa, kidole kimeshuka kwa nguvu gani kati ya 1 na 127, na ni lini kimeinuka. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa utaratibu uitwao VST, wa kuziingiza programu ndogo ndani ya programu ya kurekodia, na mwaka 1999 ikaupanua ili programu hizo zipokee amri za MIDI, na tangu hapo ala nzima ikaweza kukaa ndani ya kompyuta. Baadhi ya ala hizo huumba sauti kwa hesabu za mawimbi. Nyingine, nazo ndizo nitakazozisema zaidi, zimejaa sampuli, yaani sauti za ala halisi zilizopigwa na mtu halisi mbele ya kipaza sauti, zikakatwa moja moja na kupangwa, kila moja ikingoja kitufe chake.

Funzo la kwanza nililipata katika zile namba za nguvu. Kijana akichora noti zake kwa kipanya, programu humpa kila noti nguvu ile ile, na matokeo yake ni wimbo usio na mtu ndani yake, kwa kuwa hapana mkono wa binadamu upigao mara mbili kwa uzito mmoja. Nikawazoesha wanafunzi wangu kupiga kwa vidole vyao wenyewe hata kama vidole hivyo ni vizito, kisha kusahihisha panapostahili tu. Kadhalika tarumbeta: sampuli haichoki wala haina mapafu, nayo itaendelea kulia maadamu kitufe kimeshikwa, lakini msikilizaji ana mapafu, na akisikia sauti ya pumzi isiyokatika, kifua chake hukataa kabla akili yake haijajua sababu. Nilimwambia kila aliyetaka tarumbeta aimbe kwanza kwa mdomo wake sehemu aliyoiandika, na pale aliposhindwa kuendelea bila kuvuta pumzi, hapo ndipo tarumbeta nayo ipumzike.

Funzo la pili lilihusu kuchelewa. Kompyuta hukusanya sauti kidogo kidogo katika bafa kabla ya kuitoa, na bafa ya vipimo 512 vya sauti, katika kasi ya vipimo 44,100 kwa sekunde, humcheleweshea mpigaji kadiri ya sehemu 12 za elfu za sekunde. Ukiifanya 1,024 kuchelewa huko huwa maradufu, na kidole huanza kugombana na sikio. Ukiipunguza mno, kompyuta dhaifu hushindwa na sauti ikakwaruza. Kwa hiyo tulipiga kwa bafa ndogo tukiwa tumefungua ala moja au mbili tu, kisha tukazigeuza ala zilizokwisha kupigwa kuwa sauti za kawaida ili kuipunguzia kompyuta mzigo, na wakati wa kuchanganya tukairudisha bafa kubwa. Tena tulihifadhi kazi kila baada ya kipande, kwa sababu stima ya Kibera haimpi mtu notisi. Utaratibu huu ulinifunza kwamba umaskini wa chombo si udhuru wa ulegevu, bali ni sababu ya kupanga kazi kwa hadhari zaidi.

Lakini funzo lililo kubwa kuliko yote halikutoka katika kompyuta. Lilitoka kwa mzee mmoja, mlinzi wa usiku, mtu wa Siaya aliyekuwa akiishi si mbali nami, ambaye nitamtaja hapa kwa jina la heshima nililomwita siku zote, Jaduong'. Yeye alikuwa mpiga nyatiti. Vijana walikuwa wameniomba nyatiti katika nyimbo zao, nami katika hazina yangu ya plagini nilikuwa na vinubi vya Ulaya na vinanda vya Asia, lakini ala ya jirani yangu haikuwamo. Nikamwendea kwa adabu, nikamweleza kwamba nataka kuirekodi sauti ya kila uzi, ili ikae ndani ya kompyuta na yeyote aweze kuipiga kwa kibodi.

Nyatiti ina nyuzi nane, zilizokuwa zikifanywa kwa kano za ng'ombe na sasa hufanywa kwa nailoni ya wavuvi, zimevutwa juu ya mzinga wa mti uliowambwa ngozi. Mpigaji huketi chini juu ya kigoda kifupi, kengele za gara zikiwa mguuni, na katika kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma iitwayo oduong'o, ambayo huigonga kwenye mti wa ala. Basi mtu mmoja ni nyuzi, ni ngoma, ni kayamba na ni mwimbaji, vyote kwa wakati mmoja. Wapiga gitaa wa benga, kama marehemu D. O. Misiani wa Shirati Jazz, waliichota hazina hiyo walipoyahamishia mapigo ya nyatiti kwenye gitaa.

Jaduong' alinisikiliza hata mwisho, akaipakata nyatiti yake, akashika kigingi cha uzi wa kwanza, kisha akaacha na kuniuliza:

"Nani ataimba?"

Nikamjibu, "Jaduong', bado hatujui. Ataimba yeyote atakayeipenda."

"Sasa nizikaze nyuzi kwa sauti ya nani, kijana wangu?"

Sikuwa na jibu. Yeye akafikiri kidogo, akasema, "Leo tutazikaza kwa sauti yangu. Lakini akija mwimbaji, umlete, tuzikaze kwa yake."

Nimeshika vitabu vingi vya maelekezo ya programu, navyo vimenieleza kazi ya kila kitufe, lakini sikukuta ndani yake swali hilo. Na kwa kweli ndilo swali ambalo ala pepe hairuhusu kuulizwa, kwa kuwa imekwisha kulinganishwa kabla ya mwimbaji kujulikana. Ni kama kanzu ya dukani, iliyoshonwa kwa ajili ya yeyote, na ambayo haitampendeza mtu fulani mpaka fundi aipunguze hapa na kuiongeza pale.

Tulirekodi usiku sana, siku ambazo hakuwa zamuni, baada ya redio za jirani kunyamaza na kabla ya treni ya alfajiri, na mvua ikinyesha juu ya mabati tuliahirisha. Kila uzi ulipigwa kwa nguvu tatu, ya upole, ya wastani na ya kishindo, na kila nguvu mara nne, ili noti inaporudiwa kompyuta isitoe sauti ile ile mfululizo. Kwa hivyo nyuzi peke yake zilitupa sampuli 96. Jaduong' aliiona kazi ya kupiga uzi mmoja na kungoja ufe kuwa ngeni, lakini aliitenda kwa subira na taadhima. Jambo moja alilolishikilia ni mguu. Alisema, "Mguu ndio unaoongoza. Mkono unafuata." Akataka oduong'o na gara virekodiwe kwa uangalifu ule ule wa nyuzi, na nilipopanga ala nikaviweka upande wa kushoto wa kibodi, mahali ambapo mkono wa mpigaji hauwezi kuvisahau.

Lilipofika suala la ulinganifu, programu ilionyesha wazi mipaka yake. Kompyuta huigawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, kila hatua senti 100, na nyuzi kadhaa za Jaduong' zilisimama baina ya hatua hizo, mahali ambapo sauti yake mwenyewe hupenda kusimama. Mtoto wa taarabu hashangazwi na jambo hili, kwa kuwa kanuni na udi za makwetu nazo zina vituo ambavyo piano haivijui. Ingalikuwa rahisi kuzivuta nyuzi zile nane mpaka zilingane na piano, nami najua kwamba wengi wangelipendelea hivyo. Niliziacha kama alivyozikaza mwenyewe, kisha nikatia katika ala vitufe vinane vya kuzungusha, kimoja kwa kila uzi, ili kila atakayeifungua alazimike kuzilinganisha kwa sikio na sauti ya mwimbaji aliye mbele yake. Ni usumbufu wa makusudi, na watumiaji wamenilalamikia, nami sijauondoa.

Wa kwanza kuimba juu ya ala hiyo alikuwa binti mmoja wa Gatwekera, mwenye sauti nzito ya kupendeza. Tuliketi jioni nzima tukishusha uzi huu na kupandisha ule, yeye akiimba na mimi nikizungusha vitufe, hata nyuzi na koo zikapatana. Pigo la wimbo wake liligawika kwa tatu, kama zilivyogawika nyingi kati ya nyimbo nilizozisikia kwa Jaduong', kwa hiyo tuliziacha zile hatua 16 za FL Studio ambazo vijana wamezoea kuzijaza, tukaanza na mguu, tukauacha uende, ndipo mkono ukafuata. Sikuyanyoosha mapigo kwa kompyuta baada ya hapo.

Nilimwita Jaduong' aje asikilize. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Huyu binti ni wa nani? Kwao ni wapi?" Alipoambiwa, na wimbo ungali unalia katika spika, akaanza kumsifu kwa pakruok, ule mtindo wa Waluo wa kujitapa na kutapana katikati ya muziki, akimtaja binti, na nyumba ya baba yake, na ziwa walikotoka mababu zake. Hakunena neno lolote juu ya ubora wa sampuli. Muziki ulikuwa umefika mahali ambapo unamhusu mtu, na kwa hiyo aliujibu kama mtu hujibiwavyo. Kwangu mimi hiyo ndiyo shahada ya kazi yetu, na tangu siku ile sijaipima ala pepe yoyote kwa wingi wa sampuli zake, bali kwa swali la mzee yule.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao ni upande wa haki. Sauti ikiisha kuingia katika kompyuta husafiri kwa wepesi mno, na jina la mwenyewe aghalabu hubaki nyuma. Wapenzi wa muziki wanaukumbuka wimbo Kothbiro wa marehemu Ayub Ogada, ambao sauti na nyatiti yake vilisikika duniani kote katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005, filamu ambayo sehemu yake ilipigwa hapa hapa Kibera. Ogada alikuwa na albamu, na alijulikana, na jina lake lilisafiri pamoja na nyuzi zake. Je, mlinzi wa usiku wa Raila, ambaye nyuzi zake zimekatwa vipande 96 visivyo na sura wala wimbo, nani atamjua? Katiba yetu ya 2010, katika Ibara ya 11, imeliagiza Bunge kutunga sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni. Lakini sheria haiingii chumbani mwa prodyuza usiku wa manane, na hapo kinachohitajika ni uaminifu. Mimi na Jaduong' tuliandikiana karatasi: alipewa malipo ya kazi yake, jina lake likaandikwa ndani ya ala yenyewe ili lionekane kila inapofunguliwa, na ikakubaliwa kwamba wimbo ukileta faida, fungu lake litamfikia yeye au nyumba yake. Ala hii kwangu ni amana, na amana haiwi halali kwa sababu tu mwenye mali yuko mbali.

Nawasikia baadhi ya wazee wa fani wakisema kwamba ala pepe zimeua muziki, na vijana kadhaa nao wakijibu kwamba ala za zamani zimepitwa na wakati. Sikubaliani na upande wowote. Tashkota haikuua taarabu, bali watu wa pwani waliifunza kuimba Kiswahili, na ndivyo plagini nayo inavyoweza kufunzwa na watu wa Raila. Hatari iliyopo ni moja, nayo ni kwamba ala hizi humpa mtu uwezo wa kupiga kabla hajajifunza kusikiliza. Zamani mambo hayo mawili yalikwenda pamoja kwa lazima, kwa kuwa mtu hakuweza kuitoa sauti katika nyatiti pasipo kuketi miaka karibu na aliyeijua. Sasa lazima hiyo imeondoka, na badala yake hatuna budi kuweka hiari: tuende kwa wapigaji kwa miguu yetu, tukae nao, tuwasikilize, ingawa kompyuta haitulazimishi.

Kwa hiyo namwambia kijana anayeanza: kabla hujaiingiza ala katika wimbo wako, jiulize sauti hii imetoka mikononi mwa nani, na ukiwa hujui, tafuta, kisha jiulize nani ataimba, na ukimjua, izungushe na kuipinda ala mpaka imtumikie yeye na si gridi ya programu. Nyatiti ni moja tu. Ziko orutu, ziko ngoma na nyimbo za doluka za Wanubi wa Makina, ziko udi na kanuni za kwetu pwani, na wanaozijua wangali hai, wengine katika vijiji hivi hivi, wakienda kazini asubuhi na kurudi jioni bila mtu kuwauliza. Vipaza sauti tunavyo na kompyuta tunazo. Tuwabishie hodi, tuwalipe stahiki yao, tuandike majina yao, na mwimbaji akipatikana tumpeleke mbele yao kabla nyuzi hazijakazwa.